Bibi Aliyekuza Mboga kwa Maji ya Vyombo

Ndugu waombolezaji, anayebisha kwamba mwanamke mmoja aliweza kulisha mboga watu tisa kwa miaka kumi na saba, katika kiwanja kisichozidi upana wa vitanda vinne, bila kuifungulia bustani bomba hata siku moja, na abishe sasa hivi, maana mjukuu wake anayewasomea wasifu huu aliacha shule kidato cha pili, lakini kubishana hakuacha, na hajapata kushindwa.

Marehemu, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Tone, alizaliwa tarehe 14 Machi 1951, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya kiwanda cha matofali, akiwa mtoto wa tatu wa muuza maji wa mkokoteni, akaanza shule ya msingi mwaka 1959, akatolewa darasa la nne mwaka 1962 ili asaidie kubeba ndoo, na tangu hapo akawa akisema kwamba anayeujua uzito wa maji ni shingo.

Tarehe 3 Januari 1972 aliajiriwa kuwa dobi wa hospitali, katika chumba cha chini chenye masinki sita ya saruji, akafua mashuka kwa miaka thelathini na minne, hadi alipostaafu tarehe 30 Juni 2006, na miaka yote hiyo kilichomuuma ni kuona maji yakishuka mtaroni huku maua ya dirishani yakifa kiu.

Tarehe 8 Septemba 1973 alifunga ndoa na fundi mwashi, mtu mrefu asiye na makuu, aliyetutangulia mwaka 1998, wakajaliwa watoto wanne na wajukuu kumi na mmoja, na kati ya wajukuu hao mzuri wa sura ni mmoja tu, ndiye huyu anayesoma, wajomba msigune.

Alipostaafu alifukia mitungi ya udongo hadi shingoni, akawa anaijaza maji ya kuoshea mboga na kusuuzia vyombo, yakavuja polepole hadi kwenye mizizi, akatandaza nyasi kavu juu ya udongo jua lisije likayaiba, akapanda mchicha, nyanya na bilinganya. Fundi cherehani, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, alimcheka, "Shoga, hii ni bustani au makaburi ya mitungi?" naye akamjibu, "Cheka tu shoga, kiangazi kiko njiani," na kiangazi kikaja, na fundi cherehani akaja na kikapu.

Sheria yake ilikuwa moja, ndoo nyekundu ni ya bustani, ndoo ya buluu, yenye dawa ya kung'arishia nguo, ni ya mtaroni, kwani aliijua dawa hiyo ilivyomla vidole kazini.

Novemba 2023 alianza kuvimba miguu, ikagundulika ni figo, na tarehe 6 Februari 2024 akalazwa wodi namba nne, kitanda cha dirishani, daktari akampimia maji vikombe viwili kwa siku, naye akatania kwamba sasa amekuwa mche, akamkabidhi mjukuu wake bustani. Kila jioni mjukuu huyo alimpelekea habari, kwamba mchicha umefika kiunoni, kwamba nyanya zinagombania nafasi, hata akampelekea nyanya tatu, marehemu akazinusa, akaziweka kando ya mto. Alifariki tarehe 21 Machi 2024, saa nne asubuhi, akiwa na miaka sabini na mitatu na wiki moja.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi namba nne, madobi wenzake waliokuja na sare zao, majirani, na fundi cherehani aliyeshona sanda bila kuinua kichwa.

Karatasi niliyoandika mbele ya wajomba inaishia hapa, lakini kuna kipande nilikiruka.

Wiki ileile aliyolazwa nilifua raba zangu nyeupe na mashati ya kutokea, mtaro nikauona uko mbali, nikaimimina ndoo ya buluu kwenye mitungi, na wiki ya pili nikarudia, maana nilijiona najua. Mchicha uligeuka njano ukalala, nyanya zikafuata, nikafungulia bomba saa nzima, wapi. Zile nyanya tatu nilizitoa sokoni. Nyinyi mliokaa uani mmedhani bustani imekufa kwa kukosa mwenyewe, la, ilikufa mwenyewe yuko hai.

Na hilo ndilo dogo. Tarehe 12 Machi daktari alimruhusu arudi nyumbani siku moja, kwa kuwa alijua zimebaki chache, na Bibi akasema siku hiyo yote ataikalia bustanini. Mimi ndiye niliyetakiwa kumfuata saa tatu asubuhi. Nilimpigia muuguzi simu nikasema gari limeharibika, na gari lilikuwa zima, dereva anapiga honi mlangoni. Jana muuguzi ameniambia kwamba Bibi alikaa ukingoni mwa kitanda, kilemba kichwani, ndala miguuni, hadi saa kumi na moja jioni, kila akiambiwa ajilaze anajibu, "Anakuja, yule ana maneno mengi lakini huja."

Pumzika, Bibi yangu. Usinisubiri tena.