Kipokezi Kipya na Kable ya Zamani

Mheshimiwa mjumbe wa Gavana, Bwana Meya wa mji wetu wa Bunia, Madame Rébecca, mkurugenzi wa kituo hiki cha kusikiliza nyota, waheshimiwa machifu, wachungaji na maimamu, wageni mliotoka Irumu, Gety na Bule mkivumilia vumbi la barabara, wafanyakazi wenzangu, na nyinyi wanafunzi mliosimama nyuma kwa kukosa viti: nawasalimu wote, kila mmoja kwa heshima yake.

Jina langu ni Agathe Kahindo. Ni mimi ninayeongoza kazi ya kusikiliza hapa. Programu mliyo nayo mkononi inasema nitatoa hotuba ya furaha. Nimeiandika mara tatu, na mara tatu nimeipasua, kwa sababu hata leo asubuhi, nikijifunga kitenge hiki, sikujua kama ninakuja kwenye harusi au kwenye matanga.

Antena ile kubwa mmezoea kuiita sahani. Kazi yake ni kupokea: jua na nyota hutoa mawimbi ya redio, dhaifu mno, na kipokezi kilicho chini ya sahani huyapokea kupitia kable, yaani waya mnene, na kuyachora kwenye ekrani. Kipokezi chetu cha kwanza kilitumika miaka kumi na mmoja. Katika miaka minne ya mwisho, kila tulipoielekeza antena kwenye sehemu moja ya anga, karibu na Kilimia, lile kundi la nyota, kilichora mstari uliopanda ghafla, ukakaa dakika tisa, kisha ukashuka. Mitambo ya watu hufuata saa ya watu. Mstari ule ulifuata saa ya nyota: kila siku uliwahi dakika nne, kama nyota zenyewe zinavyowahi. Sasa niambieni, nani asingesema kwamba umetoka mbinguni? Mimi nilisema. Niliandika andiko, likachapishwa, likasomwa mbali. Na kwa ajili ya mstari ule, ndugu zangu, washirika wetu wa ng'ambo walitupatia kipokezi hiki kipya, ili tuusikie vizuri zaidi.

Tulikifunga mwezi wa tatu, pamoja na kable mpya. Tukaielekeza antena kulekule. Tukangoja. Hakuna kitu.

Nikamwambia fundi wetu, Marcellin Kule: “Mashini yako mupya iko kiziwi.”

Akajibu kwa upole: “Tuipime na jua, Mama.”

Tukaigeuza kwenye jua, na jua likajaa kwenye ekrani kuliko siku zote. Haikuwa kiziwi. Kwa wiki tatu sikuelewa kitu. Je, kile kitu kilikuwa kimezimika? Tulikosea mahali? Nilipika wali bila chumvi, na nikiwa juu ya moto, ile pikipiki ya abiria, nikapita kituo changu cha kushukia bila kukiona. Jirani yangu Immaculée, anayeuza samaki wa Tchomia sokoni, alizoea kuniuliza, “Agathe, huko juu wanasema nini?” Wiki zile nilipita njia nyingine ili asiniulize.

Halafu mchana mmoja, baada ya chakula, Marcellin akaniita kwenye karakana, wanafunzi wake wakiwapo. Kipokezi cha zamani kilikuwa juu ya meza, kimewashwa. Hakikuwa na antena. Kilichokuwa kimeungwa ni kable ya zamani peke yake, na ncha yake ya pili imefungwa.

“Angalia ekrani, Mama.”

Akaishika kable kwa mikono miwili, akaikunja polepole. Mstari ukapanda. Akaiachilia, ukashuka. Akaikunja tena, ukapanda tena, uleule, ninaoufahamu kama uso wa mtoto wangu.

“Ni kable njo ilikuwa inasema,” akasema. “Imekatika ndani. Antena ikifika pale kwa Kilimia, kable inajikunja. Nyota ikiwahi, siye tunaifuata, na kable inawahi pamoja nasi.”

Waheshimiwa, mnajua nilifanya nini? Sikumshukuru. Nilimpigia kelele. “Na weye fundi, ulikuwa wapi? Kwa nini hukubadilisha hii kable?”

Akafungua daftari lake la kazi. Mara tatu, katika miaka minne, aliandika kwamba kable imechoka, ibadilishwe. Na mara tatu, chini yake, kuna maandishi ya mkono wangu: *Hapana. Antena isisimame.* Niliogopa kupoteza hata siku moja ya kuusikiliza mstari wangu.

Nilimpelekea Madame Rébecca habari hiyo saa ileile. Angeweza kuniambia tunyamaze mpaka sherehe hii ipite, kwani kipokezi kingeweza kudaiwa kirudi kilikotoka. Alivua miwani yake, akaniuliza: “Agathe, weye mwenyewe uko hakika?” Nikasema ndiyo. “Basi tuandike leo.” Tukawaandikia washirika wetu. Jibu lilikuja baada ya siku kumi na mbili: andiko langu liondolewe, kipokezi kibaki.

Mniambie, basi, mtu afurahi vipi? Chombo bora kuliko vyote tulivyowahi kuwa navyo kimekuja kwa sababu ya kosa langu. Nisingekosea, tusingekipata. Siwezi kulishukuru kosa, na siwezi kukichukia kipokezi. Nilimweleza Immaculée yote, akacheka mpaka akashika mbavu: “Miaka mine unasikiliza kamba!” Nikacheka naye, na katikati ya kicheko nikaona machozi yananitoka, na mpaka sasa sijui yalikuwa ya nini.

Lakini kuna jambo moja ambalo halinichanganyi. Kwenye programu imeandikwa kwamba sasa nitapewa cheti cha heshima kwa ugunduzi wangu. Kilichapishwa kabla ya jibu la washirika kufika. Mheshimiwa, naomba kwa unyenyekevu kisisomwe. Na imeandikwa kwamba ni mimi nitakayekata utepe.

Marcellin, najua hupendi kuangaliwa na watu. Simama tu, ndugu yangu. Nilikufokea mbele ya wanafunzi wako wa karakana, basi nakuomba msamaha mbele ya mji mzima. Uliona mara tatu, ukasema mara tatu, nikakuzuia mara tatu. Mara ya nne ulinionyesha kwa mikono yako, ukijua kwamba unabomoa jina langu na kazi yako pia, kwa kuwa hakuna aliyetuahidi kwamba kituo hiki kingebaki wazi.

Kesho tutaielekeza antena mahali papya. Sijui tutasikia nini. Pengine hatutasikia kitu, na tukikosa tutaandika kwamba tumekosa.

Nawashukuru, waheshimiwa na ndugu zangu, kwa kunivumilia hadi neno hili la mwisho. Marcellin, mkasi huu hapa. Njoo ukate.