Kabati Juu ya Mbao Mbili

Kijiwe chenyewe kiko chini ya ngazi za karakana ya Msumari, na asubuhi ile juu ya vichwa vya wanakijiwe kulikuwa na kabati. Walikuwa wakiliteremsha juu ya mbao mbili zilizolazwa kwenye ngazi, kamba ikakatika, kabati likasimama lenyewe katikati. Badala ya kumshukuru Mungu na kukimbia, wakaketi kunywa kahawa wakisubiri kamba nyingine. Msumari, fundi aliyelitengeneza, hakuketi. Shangazi yake, muuza kahawa, alikuwa na kigoda chake palepale mbao zilipogusa chini, na mguu mbovu, na kichwa kigumu.

— Shangazi, sogea kidogo, nakuomba.

— Miaka ishirini nakaa hapa. Kabati ndilo geni, lisogee lenyewe.

— Haliendi popote, akasema Spana, makanika. Si ndiyo maana nikasema tulilaze chali? Mgongo mpana unashika kuliko ubavu.

— Upana wapi! akadakia Redio, ambaye hajawahi kukosa la kusema. Ni jua hilo. Mbao zikipata joto zinanata.

— Zinate vipi na jana nimezipiga msasa mwenyewe?

— Ndiyo hapo, fundi. Vitu laini vikikutana vinapendana.

— Mnahangaika bure, akasema Spana. Limekaa karakana miezi miwili, limezoea. Halitaki kuhama.

Wakacheka. Msumari hakucheka.

Mwalimu wa sekondari akaja kununua kahawa. Alitazama juu, akakataa kuketi.

— Upana hauongezi kitu, alisema. Uzito ni uleule, msuguano uleule. Tena kitu kilichotulia hushikwa zaidi kuliko kinachoteleza. Sasa hili likishaanza, litasimamishwa na nini?

Msumari akapiga kelele:

— Shangazi, inuka!

— Haya, haya, naondoka. Makelele ya nini?

Akashika ubao ili ajiinue. Ubao ukatikisika kidogo tu.

Msumari alimrukia, akamkumbatia kiunoni, wakaanguka pamoja upande wa pili wa mtaro wa kando ya barabara. Nyuma yao kitu kizito kilipita kwa kasi, kikaishia kwa kishindo.

Walipogeuka, kigoda kilikuwa vipande, birika limepondeka chini ya kabati, na kahawa yote inachuruzika barabarani.

— Niachie basi, mwanangu, akasema shangazi kwa sauti ndogo.

Msumari hakumwachia.