Jina Nisiloweza Kulitaja: Kumuaga Karani Mutiso

Mheshimiwa Mkuu wa Tarafa, Bwana Chifu, Mchungaji wetu, Bwana Mwenyekiti wa Chama cha Askari wa Zamani, Bwana Mutiso ambaye leo tunakuaga, wazee mliovaa makoti yenu ya Keya, jeshi la Mwingereza, ingawa jua ni kali hivi, kina mama wenzangu wa Mutuini, hamjambo nyote. Kama kuna mkubwa niliyemruka, anisamehe. Niliandikiwa majina kwenye karatasi, na huyu wa mgongoni akaitia mdomoni, kwa hivyo upande wa wakubwa umeloa.

Mimi ni Peres Nanjala, mama Ruth. Nimesoma mpaka darasa la nne. Nimeambiwa nieleze vile Bwana Mutiso alivyomsaidia mzee wetu, yaani baba mkwe wangu, yule aliyeketi karibu na dirisha. Nimekubali. Lakini niseme ukweli: jambo hili nimelibeba miaka miwili, na mpaka asubuhi ya leo sikuwa nimelielewa vizuri. Nifuateni polepole, na mimi nitajifuata.

Wakati wa vita vya Bama, kule ng'ambo Waingereza walikopigana na Wajapani, askari walipokuwa wakiandikwa kule kwetu Bungoma, mzee wetu alikuwa kijana asiye na kipande, ile karatasi ya kitambulisho. Kaka yake mkubwa, Khisa, alikuwa nacho. Basi akachukua kipande cha kaka, akaandikwa Khisa, akavuka bahari akiitwa Khisa, akapigwa risasi ya bega akiitwa Khisa, akarudi. Khisa mwenyewe alikuwa nyumbani analima mahindi. Alikufa mwaka wa hamsini na nane, tukamzika, na huyu mwanangu amepewa jina lake. Sasa nawauliza, ndugu wageni waalikwa: aliyekwenda vitani ni nani? Na aliyekufa ni nani? Nyinyi mnacheka. Mimi niliulizwa hivyo ofisini, mbele ya watu, "Mama, huyu Khisa yuko hai au amekufa?" Nikajibu, "Yuko hai, ana miezi minne, ananyonya."

Mzee alipoomba nishani zake za vita, alijibiwa kwamba mwenye namba yake ya jeshi ni marehemu. Alisimama pale mezani, kofia mkononi, akisomewa kifo chake. Jioni nikamsikia kupitia ukuta akimwambia mama mkwe, "Khisa hakwenda Bama. Akisifiwa kwa kazi ambayo hakuifanya, huko aliko anaona haya. Na mimi siku nikifa watasema, huyo si tulishamwandika?" Hapo nikajua anachotaka. Anataka kuandikwa jina lake, angali anapumua.

Mume wangu ni fundi wa mabomba kule Parklands, haruhusiwi kutoka kazini. Basi nikatumwa mimi mjini, kwa sababu naweza kusoma. Hakuna aliyekumbuka jambo moja. Kwetu Wabukusu, mke hatamki jina la baba mkwe wake. Hampi mkono, haketi naye kiti kimoja. Karani wa kwanza alinisukumia fomu: Jina la mwombaji. Nilishika kalamu mpaka ikapata joto. Kulitamka ni makosa. Na kuliandika je? Ningemuuliza nani pale? Mwishowe nikaandika vile ninavyomwita kila siku, Babu ya Ruth.

Baada ya miezi mitatu barua ikaja. Inasema hakuna askari aliyewahi kuitwa Babu Ruth.

Tulikuwa na wanaume wawili, mmoja hai na mmoja marehemu, na sasa mimi nimeongeza wa tatu! Nililia njia nzima ya kurudi kutoka posta. Nikafikiri, mzee wetu atazikwa na jina la mwenzake, na mwenye makosa ni mimi.

Ndipo nikaelekezwa kwenye ofisi ya chama, kwa Bwana Mutiso. Alisoma ile barua mara mbili. Akavua miwani. "Mama Ruth, mbona hukuandika jina?" Nikatazama sakafu. Akasema, "Ahaa. Ni mkwe." Akacheka mpaka akakohoa. "Usijali. Mimi mama mkwe wangu nikimwona njiani naingia kwenye mtama. Umri huu wangu! Kesho mlete mwenyewe."

Nikamleta. Yeye alitangulia, mimi nyuma hatua ishirini, mpaka ghorofa ya tatu. Yeye akaingia, mimi nikaketi sakafuni kwenye ukumbi. Bwana Mutiso akasimama mlangoni katikati yetu, mguu mmoja ndani, mmoja nje.

"Mwambie alete barua ya kwanza," mzee anasema.

"Mama, lete barua ya kwanza."

"Mwambie iko kwenye kikapu, chini ya nepi," nasema mimi.

"Mzee, iko chini ya nepi."

"Nimesikia. Mimi si kiziwi. Mwambie hata Bama tulikuwa tunaweka barua pakavu."

Aligeuka hivyo, ndani na nje, kama saa moja, mtu mzima, karani mkuu. Kisha akapata kwenye faili kwamba askari wa namba ile ana kovu kwenye bega la kushoto. Akasema, "Mzee, vua shati." Weee! Nilisikia kifungo cha kwanza tu, nikashuka ngazi zote tatu na mtoto mgongoni, mpaka barabarani. Kuna Mhindi mwenye duka aliniuliza kama kuna moto.

Lakini kovu lilikuwapo. Bwana Mutiso akampeleka mwenyewe kwenye hospitali kubwa ya Upper Hill, daktari akalipima na kuliandika. Akaandika barua Bungoma, wazee waliomwosha marehemu Khisa wakaapa kwamba bega lake lilikuwa safi. Akaandika tena, na tena. Jumatano iliyopita jibu likaja: daftari la jeshi limerekebishwa. Nishani zenyewe bado. Nasikia ziko njiani. Njia gani, sijui.

Bwana Mutiso, unarudi Machakos kupumzika, na umestahili. Wengine walitazama fomu yangu wakaona ujinga. Wewe uliona adabu. Lakini niulize, sasa nani atasimama mlangoni?

Nimalizie. Chama hiki kina desturi yake: kila mkutano, mwandishi husoma namba na jina la kila askari, na mwenyewe husimama na kujibu. Miaka yote wakisoma "Khisa," mzee wetu alibaki ameketi, akitazama nje ya dirisha. Asubuhi hii Bwana Mutiso amenipa daftari la chama lenye majina hayo, akasema msomaji wa leo ni mimi. Nilikataa. Nikamwambia anatafuta laana. Ndipo mama mkwe akaja na jogoo kwapani, akasema, "Mzee amekutumia huyu, kukuondolea mwiko. Anasema, jina lililokataliwa na serikali miaka thelathini, likitamkwa na mkwe wake halimvunjii heshima. Usome."

Bado sijui kama nafanya vizuri. Nitaangalia daftari tu, sitaangalia dirishani.

Namba tano, mbili, saba, moja, nne. Askari Wabwile Sitati.

…

Mmesikia? Mimi sikuinua macho. Nimesikia kiti kikisogea, kisha sauti ikisema, "Yuko!"

Basi yuko. Bwana Mutiso, nenda na amani. Na nyinyi nyote mlionitegea masikio mpaka nikalimaliza jina hili, Mungu awape masikio ya kuwasikiliza nanyi pia. Asanteni sana.