Namba Saba Imeshinda

Mtaalamu wa mbegu alikuwa anakwenda kuwasomea wakubwa ripoti yake. Kati ya aina kumi na mbili za mahindi yaliyojaribiwa kiangazi, namba saba ilikuwa imezaa kuliko zote. Shamba lenyewe hakuwahi kulikanyaga. Takwimu alisomewa kwa simu, akaziandika kwa mwandiko mzuri sana.

Kwenye kiti cha nyuma yake ndani ya basi, mzee mmoja alikuwa anamweleza mama mkulima, jirani yake wa safari, kwamba yeye ndiye anayemwagilia shamba hilo la majaribio.

"Namba saba ni kiboko, mama. Hindi moja linajaa mkono."

"Nami niligawiwa mbegu hizo nizijaribu. Kwangu namba saba imenyauka," alisema mama. "Iliyoniokoa ni namba tatu."

"Uliimwagilia mara ngapi?"

"Mara moja kwa wiki, kama zote."

"Basi umeionea. Mimi naimwagilia asubuhi na jioni."

"Na hizo nyingine?"

"Ziko mbali na bomba, mpira haufiki. Mgongo wangu nao si wa kubeba ndoo."

"Kwa hiyo lililoshinda ni bomba, baba."

"Bomba halizai mahindi, mama. Ni mbegu."

Mtaalamu aliifunga ripoti yake. Akageuka. "Samahani, mzee. Namba tatu imepandwa wapi?"

"Kule nyuma ya kichuguu, mwanangu. Kwani wewe ni nani?"

Basi likasimama mbele ya ofisi za kilimo.

"Abiria tu," alijibu, akashuka na ripoti yake ileile, akawaacha wakibishana.