Hyasinta wa Alhamisi za Kushona

Baba Paroko, viongozi wa kijiji, ndugu na majirani. Ukoo umeniagiza mimi Euphrasia, mke wa kaka yake marehemu, nisome habari za maisha yake. Wangeweza kumtafuta mtu aliyempenda bila matatizo. Lakini ukimwonea mtu wivu miaka kumi, hakuna lake linalokupita.

Marehemu Hyasinta Wanzagi alizaliwa tarehe 3 Juni 1947 hapa hapa Nyakisaru, binti pekee wa marehemu Mzee Wanzagi. Alisoma shule ya misheni hapa kijijini, kisha shule ya kati ya wasichana upande wa Butiama, akamaliza darasa la nane mwaka 1962. Kila aliporudi likizo aliwapanga kaka zake mstari na kuwakagua kucha. Mpaka leo mume wangu, Nyamhanga, hukata kucha kila Jumapili bila kuambiwa. Ninayomwambia mimi hayafiki hata Jumatatu.

Tarehe 12 Agosti 1967 alifunga ndoa na Apolinary Makongoro, karani wa ushirika wa pamba Bunda, wakajaliwa watoto watatu, wa kwanza Rafaeli. Huko Bunda alisomea kazi ya mhudumu wa afya. Sabuni ilipoadimika madukani, aliwafundisha akina mama kufulia majani ya mpapai. Mumewe alifariki mwaka 1984, na mwaka uliofuata marehemu akarudi kwa baba yake, yaani kwangu. Nilikuwa nimeushika mji huu miaka kumi na miwili. Haukupita mwezi, kila aliyepiga hodi aliuliza, "Mama Rafaeli yupo?"

Mwaka 1988 marehemu alihudhuria semina ya viongozi wa vijiji mjini Musoma, kuhusu afya ya vijana. Aliporudi, aliishawishi kamati ya afya iwawekee wasichana siku yao kwenye zahanati. Kamati ikaweka benchi barazani, ikitazamana na njia ya kisimani. Msichana akikaa pale, jioni watu wameshampa mimba kwa midomo yao. Mwezi mzima hakukaa hata mmoja. Nilifurahi, sitaficha.

Ndipo marehemu akatangaza darasa la kushona, kila Alhamisi, nyuma ya zahanati. Kila balozi wa nyumba kumi alitoa shangazi mmoja wa kufundisha. Nilimpeleka binti yangu Boke, aliyekuwa darasa la sita, nikajigamba kisimani kwamba nyumba yangu itatoa fundi. Mwaka mmoja baadaye nikampa shuka lililochanika. Akaligeuza huku na huku, akasema, "Mama, kule hatushonagi. Tunaongeaga tu."

Kwa mila zetu binti humweleza shangazi mambo ya mwili wake, si mama. Hilo nililijua. Nililokuwa silijui ni kwamba linauma namna ile.

Miaka hiyo wanunuzi wa sangara walikuwa wameanza kuja mwaloni, pale wavuvi wanaposhusha samaki, na magari yao. Mmoja wao, jina lake Machage, aliniletea samaki kila Jumamosi wala hakudai kitu. Nilimwona kijana mwenye heshima. Mara serikali ya kijiji, kwa hoja ya marehemu, ikapitisha kwamba mnunuzi atakayeonekana na mwanafunzi hatauziwa samaki mwaloni kwetu. Machage hakuonekana tena, na samaki wangu nao wakaisha. Nikasema wifi hapendi kuniona nimeshiba.

Basi mwaka 1990 nikagombea dhidi yake uenyekiti wa kamati ya afya. Kura zilikuwa za kupanga mstari nyuma ya mgombea. Nilipogeuka niliona watu kumi na mmoja. Mume wangu alikuwa kwenye mstari wa dada yake. Marehemu akaja akanishika mkono mbele ya watu wote: "Wifi, uwe makamu wangu. Akina mama mimi hawaniambiagi ukweli, wananiogopa. Wewe wanakugombezaga na unawajibu."

Kesho yake tukiwa shambani tunachimba mihogo, Boke akaniambia kwamba Machage alikuwa amemwahidi ndoa akiacha shule, na kwamba shangazi yake ndiye aliyekwenda kumkabili. Nikamuuliza, "Mbona mimi hukuniambia?"

Akasema, "Mama, wale samaki wewe ndiye ulikuwaga unawakaanga."

Nilikuwa makamu wake miaka mitano. Nilisubiri mgema asifiwe atie tembo maji, sikuyaona maji. Tangu mwaka 1991 hakuna binti wa kijiji hiki aliyeacha darasa la saba kwa ajili ya mimba. Viongozi mliopo hapa mnajua mlivyompinga, mkisema anafundisha uhuni, na mimi nilikuwa wa kwanza kuwapigia makofi.

Mwezi Novemba mwaka jana alianza kuvimba miguu, na hospitalini Musoma ikaonekana ni figo. Alikaa Nyakato, pale pale Musoma, kwa mwanawe Rafaeli ili awe karibu na matibabu. Boke, ambaye sasa anasomea uuguzi, aliomba ruhusa chuoni akamuuguza wiki tatu. Alikuwa anamwogesha na kumsuka nywele. Nilimuuliza, "Nikiugua mimi, utanipa wiki ngapi?" Marehemu akacheka mpaka akakohoa, akasema, "Mpe nne, Boke, tupumzike." Alifariki Jumanne, tarehe 14 Machi 1995, saa nne asubuhi.

Ameacha kaka yake Nyamhanga, wajukuu wawili, mimi wifi yake, na watoto wanne: Rafaeli, Kwangu, Dorotea na Boke. Karani aliyepiga chapa ratiba hii aliniuliza kama sikukosea kuhesabu. Boke mwenyewe aliniomba aandikwe hapo, na mimi niliyemzaa nimemwandika kwa mkono wangu. Wivu ninao bado, wifi. Pumzika kwa amani, mwanetu nitamtunza.