Sanduku la Umeme Limegoma Mlangoni

Benchi lenyewe ni ubao mmoja mrefu juu ya matofali, mbele ya chumba cha fundi cherehani, na kila mwenyeji wake anajua pa kuweka kikombe. Anayekaa ncha ya mlangoni ni Injinia. Shule ya uinjinia hajaiona hata kwa nje. Jina alipewa na benchi kwa kufungua redio za watu miaka thelathini, nyingine hata akazifunga. Fundi cherehani ni binti yake wa pekee, na jambo hilo Injinia halifichi: ukimuuliza saa, atakupa saa na binti. Asubuhi hiyo umeme wa mtaa ulikuwa umekatika tangu jana, lakini binti alishajipanga. Alikuwa na sanduku la umeme, lile la kubeba, linalokunywa jua toka kwenye paneli juu ya bati, kisha linaendesha mashine. Amelinunua kwa sindano yake mwenyewe. Ndani ya chumba kulikuwa na magauni kumi na nane ya wauguzi wanaokula kiapo kesho, kazi ambayo mafundi wakubwa wa sokoni waliimezea mate ikawapita, na saba kati yake hayajafungwa pindo. Ndipo sanduku, pale kizingitini, likalia pii, pii, pii, na kwenye kioo chake kidogo ikatokea radi nyekundu ndani ya pembetatu.

— Baba, imeandika shoti, binti alisema toka ndani. Mashine imezima.

— Usiguse, mwanangu. Wazee tupo.

— Kitabu chake kinasema tuchomoe kwanza kila kilichochomekwa, halafu...

— Vitabu wanaandikiwa wasio na mikono. Wewe nyoosha magauni yako.

Binti akautazama ule waya mrefu uliotoka kwenye sanduku ukaingia ndani mpaka kwenye mashine. Akamtazama baba yake. Kisha akarudi kwenye magauni yake, maana hakulelewa kumsahihisha baba mbele za watu.

Benchi likajisogeza. Wa kwanza alikuwa Dereva, ambaye lori aliliacha zamani lakini sauti ya kushindana na injini bado anayo.

— Mimi nawaambia, hili sanduku lilikuja limelazwa ubavu. Umeme wote umemwagikia upande mmoja.

— Umeme nao unamwagika? Mama Kahawa aliuliza, birika mkononi.

— Dizeli si inamwagika?

— Dizeli naiona, shemeji.

— Ndiyo hasara ya kukaa na birika. Tuliinamishe upande wa pili lijisawazishe. Samaki mkunje angali mbichi.

Wakaliinamisha. Dereva akahesabu mpaka mia moja, akarudia kumi za mwisho kwa usalama. Sanduku likasema pii, pii, pii.

— Mnahangaika bure, alisema Chumvi. Huyu hakuna habari iliyopita mkononi mwake ikatoka bila kukolezwa, ndiyo maana ya jina. Akaendelea: Hili limetoka ng'ambo, na wenyewe waliolitengeneza huko wanaliona. Wameona magauni kumi na nane, wakasemezana, huyu mama anataka kutupita, mzimieni.

— Wanaona kwa wapi?

— Hicho kioo unadhani cha nini? Unakitazama, nacho kinakutazama. Wahenga walishasema, kikulacho ki nguoni mwako. Na humo ndani kuna nini? Nguo.

Dereva akavuta kofia yake usoni, asije akatambuliwa ng'ambo.

— Mimi naona limechukia, alisema Mama Kahawa. Tangu jana halijafunikwa hata kanga. Kitu cha thamani unakilaza nje kama ndoo?

— Sasa nyamazeni niwape elimu, Injinia akasema, akajikohoza. Shoti ni umeme kukata njia. Njia ni ndefu, umeme unaona uvivu, unapita mkato. Na huu ni umeme wa jua. Jua la asubuhi bado halijakasirika. Ukilituma kazi nzito mapema, linagoma. Subira huvuta heri. Tungoje saa nane, lipandwe na hasira.

— Wenyewe wanakuja kuchukua saa saba, baba, sauti ya binti ikatoka ndani, polepole.

Injinia alimjua mwanawe tangu akiwa wa kubebwa mgongoni: huyu akiwa na la kusema hupaza sauti, akiwa na la kuogopa huishusha. Kazi ikishindikana leo, wauguzi hawatarudi tena, na kesho sokoni watacheka, mtoto wa Injinia kapewa magauni yakamlemea.

Injinia akautupia jicho waya chini ya benchi. Maana alijua. Alijua tangu pii ya kwanza.

Ule waya mrefu ulikuwa wake. Jana jioni aliuunga toka vipande viwili, mbele ya benchi lote, akitamba kwamba kiungo cha mkono huu hakijawahi kurudi kwa fundi. Uzi wa kwanza aliuzungushia tepu nyeusi vizuri, kama bandeji. Wa pili, tepu ikaisha. Akaona aibu kusema imeisha. Akamalizia na kipande cha mfuko wa nailoni, akapiga fundo, akajipongeza.

— Injinia mbona umenyamaza? Chumvi akauliza. Elimu imekata?

— Nafikiri.

— Ukifikiri sana nawe utaandika radi usoni.

Kabla hawajamaliza kucheka akafika dada mmoja, viatu vyeupe kama maziwa, uso umejaa tabasamu la mtu ambaye kesho atapigiwa makofi.

— Shikamooni wazee.

— Marahaba, mwanangu.

— Nimekuja kulijaribu gauni langu. Kwema?

Wakamjibu wote kwa pamoja. Dereva alisema dizeli, Mama Kahawa akasema kanga, Chumvi akamwomba asikae mbele ya kioo. Dada aliwasikiliza kwa adabu, kama wanavyofundishwa kumsikiliza mgonjwa anayeumwa kila mahali. Macho yake yakaufuata ule waya: toka kwenye sanduku, chini ya benchi, ukazunguka mguu wa meza, mpaka mashineni.

— Samahani wazee wangu. Hili si la kubeba?

— La kubeba kabisa, Injinia akasema, na hata katika dhiki ile kifua kikamtuna. Kilo kumi na mbili tu. La binti yangu hilo.

— Sasa kwa nini liko mlangoni, na mashine iko ndani?

Dereva alitazama viatu vyake. Chumvi, ambaye hajawahi kukosa la kuongeza, akaongeza sukari. Mama Kahawa akamimina kahawa kwenye kikombe kilichokuwa kimejaa. Jibu walikuwa nalo wote, ila halikuwa lao kulitoa. Sanduku liliwekwa mlangoni na Injinia tangu siku lilipokuja, ili asipite mtu mtaani bila kuuliza, hili la nani? Na waya ule mrefu haukuwa na kazi nyingine duniani ila hiyo.

Injinia akaweka kikombe chini. Akachuchumaa, magoti yakalia. Akauchomoa waya wake kwenye sanduku, akauvuta wote toka ndani, akauviringisha mkononi mpaka fundo la nailoni likatokea juu, limeungua, linanuka.

— Kiungo changu kimeharibika, alisema. Tepu iliniishia.

Miaka thelathini benchi halijawahi kusikia sentensi hiyo.

— Mwanangu, soma hicho kitabu. Kinasemaje?

Binti alitokea mlangoni. Alisoma taratibu, kama anayemsomea mgeni wa heshima.

— Chomoa kila kitu. Zima. Ngoja dakika moja. Kisha washa.

Baba akazima. Dakika ile waliingoja wote wamesimama. Akabonyeza: radi haikurudi. Akaliinua sanduku mwenyewe, Dereva alipotaka kumsaidia akamzuia kwa kiwiko, akalipeleka mpaka chini ya meza ya mashine. Binti akachomeka. Taa ikawa ya kijani, mashine ikanguruma, na pindo la kwanza likaanza kukimbia.

Aliporudi kwenye benchi, Mama Kahawa alikuwa anakung'uta birika. Halikutoa kitu.

— Sasa tuelezane, Chumvi akasema. Ile shoti mwisho wake ilikuwa nini?

— Ilikuwa mimi.

— Na unasema hivyo umenyoosha shingo?

— Ninyooshe nini kingine? Redio zote nilizofunga, hakuna hata moja iliyowahi kunikamata na kosa. Hili limenikamata siku moja, mbele ya watu, na halikuungua. Injinia akageuza uso kuelekea kwenye ngurumo ya mashine. Mwanangu anajua kununua.