Barua kwa Waziri Mpya wa Nishati

Feri ilipoondoka Kilifi kuelekea Mnarani, karani mmoja kijana alifungua barua akaanza kuisoma kwa sauti, bila kuombwa na mtu. Aliiandika mwenyewe kwa waziri mpya wa nishati, aliyetangazwa redioni juzi na hata kuapishwa bado. "Pendekezo la kwanza: makaa yapigwe marufuku. La pili: kila boma lipewe umeme."

Kando yake mama mmoja alikuwa amekalia gunia la makaa. Nilisogea, nikitumaini matusi. Lakini aliuliza kwa adabu, "Mwanangu, waitwaje?"

"Thuku, mama."

"Mimi Kanze. Umeme kwetu ushafika. Waya zapita juu ya shamba langu zikienda hotelini. Nguzo moja imesimama katikati ya mihogo yangu, mwaka wa tatu sasa naifungia mbuzi."

"Ndiyo maana naandika, mama."

"Basi la pili liwe la kwanza."

"Haiwezekani. Imeshapigwa taipu."

Hoja nzito hiyo. Hata mimi niliinamisha kichwa.

Kanze aliitazama suruali ya Thuku, iliyonyooka kama ya bwana harusi. "Na hiyo waipiga pasi ya umeme?"

Thuku alitazama maji. "Ya makaa," akasema.

Feri ikagusa Mnarani. Kanze akaweka kata ya nguo kichwani, akangoja. Hakuna ajitwikaye gunia peke yake, nami nilirudi nyuma hatua moja kwa makusudi. Thuku akaangaza huku na huku, akaibana barua kwa meno, akamtwisha.